Tezi za Paulina

Newala, 4 Desemba 1994

Mvua ya kwanza ya maana. Nilikuwa juu ya ngazi nikifunga kitambaa kwenye mdomo wa mfereji wa bati, majani na uchafu wa ndege visiingie tangini, nikasikia hodi. Ni Paulina, mdogo wake marehemu mke wangu Agatha, kalowa mpaka magotini.

"Shikamoo shemeji. Shuka kwanza. Nina jambo, na nikikuambia ukiwa huko juu itabidi nipige kelele mtaa wote usikie."

Nikashuka. Akasema ana uvimbe kwenye titi la kushoto tangu wakati wa kuokota korosho. Hauumi. Nikamuuliza ukubwa wake, akasema ni kama punje ya njugumawe iliyochemshwa. Agatha naye alisema hauumi. Sikumkumbusha hilo. Anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha dada yake siku za mwisho.

"Umemwambia mama?"

"Mama nikimwambia ataanza kulia kabla sijafika kwenye titi."

Agatha tulimzika Agosti mwaka jana, mikorosho ikiwa imetoa maua. Alikuwa akipenda harufu ile. Alikuwa akisema mikorosho imejipaka mafuta.

7 Desemba

Mvua. Nimepanda mahindi.

13 Desemba

Tumetoka hospitali ya misheni, upande wa Masasi. Daktari Dastani ni kijana, hana haraka. Alimpima Paulina titi kwa muda mfupi, kisha kwapa kwa muda mrefu sana. Nikiwa nje ya pazia nilimsikia akisema, "Pumua. Legeza mkono. Legeza tena." Nikashangaa ugonjwa uko kwenye titi, yeye anatafuta nini kwapani.

Alipotuita tuketi nikamuuliza. Hakukasirika. Akaniuliza naye:

"Mzee, mtoki unaujua?"

"Nani asiyeujua? Ukikanyaga msumari, kinena kinavimba."

"Basi kinachovimba ni tezi. Mwili una maji yake, yanapita taratibu kurudi kwenye damu, na njiani yanachujwa na tezi ndogo ndogo kama mbaazi. Maji ya titi karibu yote yanapitia kwapani. Ugonjwa wa titi ukitaka kusafiri, kituo chake cha kwanza mara nyingi ni hapo."

Nikamwambia basi ni kama kitambaa cha kwenye mfereji. Hakuelewa, kwao ni Bukoba ambako maji hayatafutwi. Paulina akamweleza jinsi sisi wa huku juu tunavyokinga mvua ya paani, na kwamba ukitaka kujua paa lako likoje, usipande juu, fungua kitambaa uone kilichonaswa.

"Ndiyo hivyo hasa," akasema daktari. "Nitakata titi, na nitatoa tezi za kwapa. Tezi zitakwenda Dar es Salaam, huku hatuna mtaalamu wa kuzipima. Zikiwa safi, huenda upasuaji umetosha. Zikiwa na ugonjwa, Paulina atafuata dawa na mionzi hukohuko. Bila tezi nitakuwa nabahatisha."

Njiani, tulipoanza kupanda mlima, Paulina akasema, "Umefurahi wewe. Umepata daktari wa kuuliza maswali."

Kweli nilikuwa nimefurahi kidogo, na niliona aibu. Lakini Agatha alikuwa na mtoki kwapani msimu mzima wa mvua, tukaukanda kwa chumvi ya moto. Hakuna aliyetuambia kwamba mtoki nao ni habari.

25 Desemba

Noeli. Flora, binti yangu, katuma kitambaa cha mtumba kutoka Mtwara. Kizuri.

3 Januari 1995

Lori la mnunuzi binafsi limekwama kwenye tope mbele ya ghala la chama cha ushirika. Miaka kumi na tisa nilipima korosho kwenye ghala lile. Sasa upande mmoja wa ghala ni duka la soda. Wasukumaji wakanipigia kelele, "Mzee wa mizani, njoo upime tope!" Nikaenda kusukuma.

10 Januari

Mama ameambiwa. Bibi Sijaona, mama mkwe wangu, amekuja kutoka Mnyambe kwa miguu na ndiye atakayemwuguza Paulina hospitalini.

Mimi na mama mkwe hatuketi mkeka mmoja, wala hatutazamani usoni. Ndivyo tulivyolelewa na sioni ubaya. Kwa miaka yote ya ndoa tulisemezana kupitia Agatha. Nikitaka kumwuliza mama kama amekula, nilimwuliza Agatha naye akisikia. Sasa Agatha hayupo, na wa kumpitia hayupo. Leo amekaa uani akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, mimi nimekaa barazani, tumeisikiliza mvua mpaka jioni.

17 Januari

Paulina amepasuliwa. Yuko salama. Aliponiona, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeziona?" Nikamwambia sijaziona, ziko ndani ya chupa ya dawa na chupa imezungushiwa karatasi. Akasema, "Unaniangusha."

19 Januari

Nimerudi Newala kupalilia. Daktari amesema chupa itakabidhiwa kwa ndugu, kwa kuwa gari la hospitali haliendi Dar. Nimemwambia nesi amwambie mama ailete kwangu, nitaipeleka mwenyewe.

26 Januari

Paulina ameruhusiwa, yuko kwa mama yake Mnyambe. Mama alipita hapa na sina budi kuandika jinsi ilivyokuwa. Alisimama nje ya ua ameelekea barabarani. Nikaiambia hewa, "Ile chupa natumaini imefika." Naye akaiambia barabara, "Mambo ya chupa nimeyamaliza." Akaondoka.

Nikadhani amempa padre au sista anayekwenda Dar. Angekuwapo Agatha ningemwuliza. Kumfuata mkwe barabarani na kumhoji siwezi.

1 Februari

Mvua usiku na mchana. Wanasema barabara ya Dar imekatika kule Rufiji, mabasi yamelala ng'ambo zote mbili. Natumaini chupa ilivuka kabla.

5 Februari

Hakuna majibu.

9 Februari

Hakuna majibu. Nimekwenda mpaka hospitali. Daktari amesema Dar hawajapokea kitu chochote chenye jina la Paulina, ameuliza kwa redio ya misheni mara mbili. Mara hii alikuwa na haraka. "Mzee, kama ni dawa, ningependa aanze kidonda kikikauka tu. Tafadhali ulizeni huko kwenu."

12 Februari

Nitajaribu kuandika yote.

Asubuhi sokoni nilikutana na Jumanne. Jumanne ni mtani wa ukoo wa wakwe zangu. Wao wakifiwa, yeye na wenzake ndio wachimba kaburi, wapika chakula, na ndio wenye ruhusa ya kuwacheka wafiwa mpaka wasahau kulia. Siku ya Agatha alilala ndani ya kaburi tupu na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Nilicheka siku ile, sijui kicheko kilitoka wapi.

"Mzee wa mizani!" akaniita mbele za watu. "Wakwe zako wameishiwa na maiti. Siku hizi wanazika chupa! Mwaka kesho watanichimbisha kaburi la sufuria."

"Chupa gani?"

"Chupa ya hospitali. Imevishwa sanda vizuri kabisa, pembeni ya mama Flora. Nikauliza, marehemu anaitwa nani? Mama mkwe wako akaniambia chimba unyamaze. Mtani anyamaze! Nikamdai kuku wawili badala ya mmoja."

Nilikaa chini palepale kwenye magunia ya mbaazi. Jumanne akaacha kucheka, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mchana mimi na Jumanne tulikuwa Mnyambe. Paulina alikuwa uani, mkono wa kushoto bado hapandishi juu ya bega. Mama alikuwa mlangoni anatwanga kisamvu. Mimi nikaketi mbali, nimewapa mgongo, na maneno yangu yakapitia kwa Jumanne.

"Mwambie mama," nikasema, "kwamba sikuja kwa ugomvi. Nauliza tu kwa nini."

"Mkweo anasema amekuja kwa ugomvi, ana panga," akasema Jumanne.

"Mwongo wewe, mla maiti," mama akajibu, na mchi haukusimama. "Mwambie hivi. Paulina alipozaliwa, kondo lake nililizika mimi nyuma ya nyumba hii. Kitovu chake nilikizika mimi. Kitu kikitoka kwenye mwili wa mwanangu, ni kazi yangu. Sasa huyo daktari ananipa nyama ya mwanangu kwenye chupa kama achari, nimpe kondakta wa basi? Ikae chini ya kiti na majimbi ya watu?"

"Ningeipeleka mimi," nikasema.

"Angeipeleka yeye," akasema Jumanne, na safari hii hakuongeza kitu.

"Angeipeleka kwa watu gani? Anawajua? Agatha alikwenda kaburini mzima, hakupungua hata ukucha. Huyu ataanza kwenda vipande vipande, kimoja Dar, kimoja wapi, siku ya siku asijue aanze kujikusanya wapi."

Ni kweli hakuna aliyemwambia. Nesi alimpa chupa, akamwambia peleka, kama mtu anayempa mzigo mchukuzi. Mimi daktari alinieleza mpaka nikafurahi, na yeye aliyekuwa akimlaza mgonjwa chali na ubavu hakuelezwa chochote. Aliona nyama ya mwanawe, akafanya ambalo kila mama wa huku angefanya.

Nikaeleza. Mtoki, maji ya mwili, kitambaa cha mfereji. Jumanne alijaribu kutia mzaha kwenye kitambaa, mama akamwambia, "Hebu nyamaza wewe, nasikiliza." Mchi ulikuwa umesimama.

"Kwa hiyo wale wa Dar," akasema, "watafungua kitambaa."

"Ndiyo."

"Na Agatha? Kitambaa chake kilikuwa na nini?"

Niliangalia miguu yangu. "Hakuna aliyekifungua, mama. Hatujui."

Kisha Paulina akasimama, akaenda akachuchumaa mbele ya mama yake. Alisema polepole, kwa Kimakonde kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili Jumanne asidai hakusikia, maana anapenda kujifanya kiziwi kwa Kimakonde.

"Mama, umezika kitu cha mtu aliye hai. Mimi sijafa. Kwapa ni langu na hizo tezi ni zangu, nazitaka."

"Najua hujafa," mama akasema. "Ndiyo maana sikulia."

"Basi zitoe."

"Kaburi halifunguliwi."

"Aliyelichimba yuko hapa. Mtani wetu anaruhusiwa mambo yote ya aibu."

Jumanne akasimama akijikung'uta. "Kuku wanne," akasema. "Kufukua ni mara mbili ya kuzika."

Mama akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamtupia Jumanne kikonyo cha kisamvu usoni, akamwita fisi. Kisha akageuka akatazama ukuta. "Chimbeni. Msinionyeshe."

Shimo halikuwa refu. Udongo ulikuwa umelowa, sanda imekuwa nyekundu, lakini chupa ilikuwa imefungwa kifuniko na kuzungushiwa plasta, na dawa ndani ilikuwa imejaa kama ilivyotoka hospitali. Nilimshukuru Mungu kwamba mama hakupenda kuifungua. Paulina akaichukua, akaipangusa kwa kanga na kuiinua kwenye mwanga.

"Ndizo hizi?"

"Sidhani unaweza kuziona. Daktari anasema zimo ndani ya mafuta."

"Mafuta ya kwangu," akasema. "Mlisema mimi mwembamba."

14 Februari

Daktari ameikagua chupa. Amesema dawa ni nzuri na nyama haijaharibika. Nilimweleza ilikokuwa. Akavua miwani, akakaa nayo mkononi. "Ningemwita mama yule ofisini kwa dakika tano tu," akasema. Ametia chupa kwenye kopo la maziwa na kulifunga kwa plasta. Barabara bado imekatika. Nitakwenda na meli ya Mtwara.

20 Februari, Dar es Salaam

Safari ilikuwa ya kutapika. Kopo nililipakata. Niko Temeke kwa Godwin, mtoto wa kaka yangu. Wana televisheni. Chupa nimeikabidhi maabara ya hospitali kubwa kwa mkono wangu na nimeambiwa nisubiri.

23 Februari

Joto. Nasubiri.

2 Machi

Leo nimeona jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani.

Anayepokea watu pale maabara ni mama mmoja mchangamfu, Upendo. Nimekwenda kila siku, nafikiri amenichoka. Leo akasema, "Baba, shikamoo tena. Majibu yamekamilika, yako ndani ya bahasha, na bahasha ni ya daktari wako, siruhusiwi kukuambia. Lakini wewe si unauliza kila siku tunazifanyaje? Daktari wetu amekubali. Njoo nikuonyeshe, uache kunisumbua."

Akanipitisha ndani. Kumbe nyama haipimwi kwa macho. Wanazitafuta tezi moja moja ndani ya mafuta kwa vidole, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Kila moja inazamishwa kwenye nta, nta ikiganda inakuwa kama kipande cha mshumaa. Kisha mashine inakata utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Utepe unatiwa rangi na kulazwa kwenye kioo.

Akaniketisha kwenye hadubini. Mwanzo niliona kope zangu tu. Akacheka, akanishika kichwa. Ghafla ikatokea: duara la waridi, na ndani yake nukta za zambarau, nyingi mno, ndogo, zimekaa kwa utulivu kama mtama ulioanikwa na mtu mpole.

"Hiyo ni tezi nzima," akasema. "Hao wote ni askari wake."

"Ya Paulina?"

"Hiyo ni ya kufundishia wanafunzi, ya zamani. Na hii pia."

Akabadilisha kioo. Pembeni palikuwa na mtama uleule. Katikati palikuwa na kitu kingine. Nukta kubwa, hazilingani, zimebanana, zinasukumana, zimewatimua wengine pembezoni. Sikuhitaji kuelezwa. Nilikaa nikiangalia mpaka jicho likatoa machozi, na sikujua kama ni ya kuchoka. Msimu mzima tulikuwa tunaukanda kwa chumvi ya moto, na ndani ulikuwa hivi. Nilidhani nikiuona nitauchukia. Niliutazama tu. Nilitaka kujua unaanzia wapi.

Nikamwuliza Upendo kitu kimoja zaidi, kwa niaba ya mtu mwingine. "Zile tezi, mkimaliza mnazitupa?"

"Vipande vya nta? Hapana, baba. Vinakaa kwenye droo, kila mtu na namba yake, miaka na miaka. Daktari akitaka kuangalia tena, vipo."

10 Machi

Nimefika. Bahasha nimeipeleka hospitali bila kuifungua. Tumekwenda wote watatu, mimi, Paulina na mama, na mama aliomba kuingia.

Daktari Dastani alisimama kumpa kiti. Akasoma kwanza kimya, kisha akamwambia mama, si mimi: "Mama, wamepata tezi kumi na moja. Nane ni safi. Tatu zina ugonjwa."

Paulina akasema, "Tatu." Kama mtu anayerudia jina la kijiji asichokijua.

"Tungebahatisha, ningekuambia uende nyumbani ukapumzike," daktari akaendelea. "Kidonda kimepona vizuri, ningekiamini kwa macho. Sasa najua haitoshi. Utakwenda Dar kwa mionzi na dawa. Siwezi kukuahidi kupona. Nakuahidi tu kwamba tunajua tunapigana na nini."

Mama akauliza swali lake la kwanza kwa daktari yeyote, kwa ninavyojua. "Hizo nane, zinaweza kumsaidia mwanangu?"

"Zimeshatoka, mama. Zimesaidia kwa kutuambia."

28 Machi

Paulina anakula vizuri. Daktari amesema nafasi yake ya mionzi Dar ni mwezi wa tano. Mkono sasa anafikisha kichwani, anajisuka mwenyewe ili kujionyesha.

16 Aprili

Pasaka. Mvua zinapungua. Jumanne amekuja kudai kuku wake, amepewa wawili na matusi ya wawili.

9 Mei

Mabasi yanavuka Rufiji tena. Kuna kampuni mpya, basi limeandikwa maneno makubwa kila upande na lina muziki.

11 Mei

Wameondoka leo. Nilidhani Flora ndiye atakayemsindikiza Paulina, lakini nilipofika stendi nilimkuta mama ameshakaa juu ya mzigo wake, kavaa viatu vya kufunika, ambavyo sijawahi kumwona navyo. Hajawahi kuvuka Lindi.

Paulina alikwenda kununua maji. Tukabaki wawili, na hakukuwa na mtu wa kumpitia. Niliangalia gurudumu la basi. Ndipo akaniita kwa jina, wazi, kama mtu anayemwita mtoto wake.

"Baba Flora. Hizo zilizo kwenye nta. Paulina anasema ziko kwenye droo."

"Ndiyo, mama."

"Zina namba ya Paulina."

"Zina namba yake."

"Nikifika nitawaambia wanipe."

"Hawatakupa, mama. Wanazitunza. Daktari akizihitaji tena lazima ziwepo."

Akafikiri. Utingo alikuwa anafunga magunia juu ya basi na kupiga bati kwa kiganja. Paulina alikuwa anarudi, anacheka na muuza maji, mkono wa kushoto ameuinua kujikinga na jua.

"Basi sitawasumbua," mama akasema, akanyanyua mzigo wake. "Nitawaomba kiti tu. Nitakaa nazo kidogo."